Wanyama wa Udongo

Mtu akitaja leo mapambo ya sherehe ya watoto, wengi wetu tunafikiria maputo, karatasi za kumetameta na sanamu za plastiki kutoka dukani. Akitaja michezo ya mezani, tunafikiria ludo iliyomo ndani ya boksi. Sisemi kwamba vitu hivyo ni vibaya. Hata mimi nimewanunulia wajukuu zangu. Lakini nimetumia sehemu kubwa ya maisha yangu katika shule za Masasi na Newala, na sasa ninapumzika hapa Mkomaindo nikiwa nimevuka miaka sabini. Naona ni wajibu wangu kueleza kwamba watoto wa kusini hii walijua kutengeneza wanyama wa kupambia na wa kuchezea muda mrefu kabla maduka hayo hayajafunguliwa. Kazi hiyo haikuwa upuuzi wa watoto. Ilikuwa na wenyewe, ilikuwa na sheria zake, na shule ilipoikuta kwanza iliipuuza, kisha ikairudia kwa jina jingine. Hiyo ndiyo historia ninayotaka kuisimulia.

Tuanze na neno lenyewe. Kila Mswahili analijua neno kinyago, na kila mtu wa kusini analijua neno unyago. Maneno hayo mawili ni ndugu. Kwa Wayao, ambao ni wengi katika wilaya yetu, inyago ni michoro na sanamu zinazofinyangwa ardhini katika mafunzo ya vijana, na miongoni mwake wamo wanyama: nyoka, chui, tembo, hata mnyama mkubwa wa majini ambaye wengi wa waliofundishwa hawakupata kumwona kwa macho. Wamakonde nao, juu ya uwanda wao, walichonga vinyago vya mbao vyepesi vya kuvaa usoni au kichwani wakati wa ngoma za kuwapokea vijana waliotoka jandoni. Vingine vilikuwa na sura za watu, vingine za wanyama. Ya ndani ya jando hubaki jandoni, na mimi si mtu wa kuyaanika. Ninalotaka msomaji aone ni hili tu: siku ya furaha kubwa kuliko zote katika maisha ya mtoto wa huku, siku ya kutoka, ilipambwa kwa wanyama waliotengenezwa kwa mikono.

Wala mambo haya hayakuwa ya kusini peke yake. Mwaka 1956 Hans Cory, mtaalamu wa mila aliyefanya kazi katika serikali ya Tanganyika, alichapisha kitabu kizima juu ya sanamu za udongo zilizotumika katika mafunzo ya vijana sehemu mbalimbali za nchi. Baadhi ya sanamu hizo ni wanyama wadogo wa kutosha kiganjani. Jambo lililonigusa katika maelezo yake ni kwamba sanamu hazikuonyeshwa kimyakimya. Zilikwenda pamoja na nyimbo na mafundisho. Kijana alioneshwa umbo, akaimbiwa, akaelezwa maana yake. Msomaji alikumbuke hilo, maana nitalirudia.

Shule ilifika Masasi pamoja na misheni. Mwaka 1876 Askofu Edward Steere wa misheni ya UMCA alikuja kutoka Unguja na kundi la watu waliokombolewa utumwani, akawaweka chini ya vilima hivi vya mawe ambavyo mgeni huviona kabla hajauona mji. Miaka ya mwanzo ilikuwa ya misukosuko. Mwaka 1882 kijiji kilivamiwa na wapiganaji wa Kingoni, na mwaka 1905, wakati wa Vita vya Maji Maji, majengo ya misheni yalichomwa moto. Katika hali kama hiyo hakuna mwalimu angekaa kufikiria vinyago vya udongo. Kwa wamisheni wengi wa mwanzo, mambo ya jando na unyago yalikuwa giza ambalo mtoto wa shule alipaswa kutolewa.

Mwaka 1906, mara tu baada ya moto ule, Mjerumani Karl Weule wa jumba la makumbusho la Leipzig alipita huku akitokea Lindi, akafika Masasi na Newala. Alipiga picha, akanasa nyimbo kwa fonografu, akakusanya vinyago. Pia aliwapa watu karatasi na kalamu za risasi, wengine wakiwa hawajapata kushika kalamu maishani mwao, akawaomba wachore. Walichora, na michoro yao imo katika kitabu alichokitoa mwaka 1908. Mimi huona fahari nikifikiria jambo hilo. Walioshika kalamu kwa mara ya kwanza hawakuanza na mikono mitupu. Jicho lao lilikwisha kuzoea kutazama umbo na kulitoa upya, kwa sababu walifinyanga, walichonga na walichora ardhini.

Baadaye misheni yenyewe ililegeza msimamo. Vincent Lucas, askofu wa kwanza wa Dayosisi ya Masasi tangu ilipoundwa mwaka 1926 hadi 1944, pamoja na mapadri Waafrika, walitengeneza jando la Kikristo badala ya kulipiga marufuku. Jambo hilo lilijulikana hadi Ulaya na limeandikwa sana. Lakini darasani hali haikubadilika. Kazi za mikono zilizofundishwa shuleni zilikuwa mikeka, vikapu, kamba na bustani. Wanyama walibaki nje ya uzio.

Nilizaliwa karibu na Newala mwishoni mwa miaka ya 1940, na ninaweza kuushuhudia uzio huo. Juu ya uwanda maji yalikuwa shida kubwa. Mama zetu walishuka bondeni kuyafuata na kupanda nayo kichwani, kwa hiyo mtoto aliyechukua maji ya mtungi kukandia udongo alitafuta fimbo. Sisi tulitumia mabua ya mtama. Unalimenya bua, gamba lake gumu unalipasua vijiti vyembamba kama sindano, na moyo wake mweupe unaukata vipande vya kiwiliwili. Vijiti vinashonea miguu na shingo. Hivyo twiga hupatikana kwa muda mfupi, na madoa yake hutiwa kwa masizi ya chungu. Watoto wa mabondeni, upande wa Masasi, ndio waliokuwa mafundi wa udongo, hasa ule wa kichuguu ambao mchwa wamekwisha kuulainisha. Ukiona wanyama wa mtoto, ulijua ametoka juu au chini. Lakini twiga wangu nilimficha kwenye majani kabla ya kuingia darasani, kwa sababu mwalimu wetu wa wakati ule aliita vitu hivyo takataka na kuvitupa jikoni.

Mwaka 1967, baada ya Azimio la Arusha, Mwalimu Nyerere alitoa andiko lake la Elimu ya Kujitegemea. Wengi wanalikumbuka kwa jembe na shamba la shule. Sisi tulioingia chuo cha ualimu muda mfupi baadaye tulilipokea pia kwa njia nyingine. Wakufunzi walituambia kwamba mwalimu asisubiri vifaa kutoka ng'ambo. Atengeneze zana za kufundishia kwa vitu vinavyomzunguka. Katika majaribio ya kufundisha tulipewa maksi kwa zana zetu. Ndipo takataka za zamani zikapanda cheo. Twiga wa mabua akawa zana ya somo la maarifa, mbegu za komwe zikawa zana ya hesabu. Nilicheka moyoni, nikafurahi.

Zana zilipata umuhimu wa kweli baada ya Azimio la Musoma la mwaka 1974 na mpango wa elimu ya msingi kwa wote ulioanza mwaka 1977. Watoto walijaa madarasani kuliko madawati. Kisha ikaja vita ya Kagera ya 1978 na 1979, na baada yake miaka ya dhiki, ambapo daftari, kalamu na hata sabuni vilikuwa vitu vya kutafutwa. Wakati huo nilikuwa mwalimu mkuu wa shule ya kijiji katika Wilaya ya Masasi. Kila mwaka tulikuwa na siku ya wazazi na sherehe ya kuwaaga wanafunzi wa darasa la saba, na hapakuwa na senti ya mapambo.

Tulipamba kwa wanyama. Watoto wakubwa walisimamisha tao la migomba mlangoni. Wadogo walikata wanyama kutoka mifuko mitupu ya saruji na magazeti ya zamani, wakawabandika kwa uji mzito wa muhogo kwenye kamba ya katani, na kamba ikavuka darasa kutoka dirisha hadi dirisha. Weusi ulitoka kwenye mkaa, wekundu kwenye udongo, manjano kwenye bizari, na samawati kwenye ile buluu ya kufulia mashati. Udongo wa kichuguu ulitwangwa, ukapepetwa kutoa changarawe, ukakandwa na majani makavu yaliyokatwakatwa ili usipasuke. Miguu ya mnyama ilifanywa minene, na shingo ikatiwa kijiti ndani. Walianikwa kivulini siku nne au tano, kwa sababu jua kali huwapasua, kisha wakachomwa katika shimo kwa mabua na magamba ya miti.

Ilifurahisha kuona watoto walijua nini na hawakujua nini. Huku kwetu mbung'o walizuia ng'ombe, kwa hiyo watoto wengi walimfinyanga ng'ombe kama swala aliyenenepa. Tembo lakini hawakumkosea. Walijua kwamba mgongo wake una bonde, na kwamba mguu wa mbele hauachi alama sawa na mguu wa nyuma, kwa kuwa walizikuta nyayo katika mashamba ya wazazi wao.

Siku moja, kabla ya sherehe, alikuja shuleni nyakanga wa kijiji, bibi aliyeheshimika na kuogopwa kidogo. Alikuwa amesikia kwamba tunafinyanga nyoka na chui darasani. Nilimwamkia, akaitika, akaomba kuwaona. Niliwaita wazee wa kamati ya shule wakae nasi, maana nilifahamu kwamba jambo hilo linagusa mila. Bibi aliwapitia wote waliopangwa dirishani, mmoja mmoja, bila kusema neno. Mwishowe akaniuliza:

"Mwalimu, hawa mmewafundisha kusema nini?"

Nikamwambia kwamba ni mapambo tu, na zana za hesabu.

"Basi hawa ni mabubu," akasema. "Kwetu mnyama hafinyangwi bila neno lake. Sikukatazeni kufinyanga. Yetu ni yetu, nanyi hamkuyagusa. Ila mnyama asiye na neno ni udongo tu, mvua ikinyesha umekwisha."

Tulizungumza naye hadi jua likapinda. Tulikubaliana kwamba maumbo ya unyago yasiingie shuleni, na kwamba kila mnyama wa shule apewe neno lake la hadharani: kitendawili, methali, hadithi fupi au jina lake katika lugha za nyumbani. Tangu hapo mtoto hakuruhusiwa kutundika mnyama bila neno. Alikwenda kuliuliza nyumbani. Mayao mdogo alileta lisimba na ndembo, Mmakua na Mmakonde wakaleta majina yao, na darasa zima likajifunza kwamba simba mmoja huitwa kwa namna nne katika kijiji kimoja. Wazee ambao hawakupata kufika shuleni walianza kuja kusikiliza kama wajukuu wao wameyapeleka maneno yao sawasawa.

Kutokana na hilo tulitengeneza pia mchezo wa mezani. Bao lilikuwepo tangu zamani, na kila mtu analijua: safu nne za mashimo manane na kete sitini na nne. Watoto walichimba lao chini ya mwembe. Drafti nayo ilichezwa kwa vizibo vya soda. Ludo tuliifahamu kutoka madukani. Si kila mtu anajua kwamba mchezo huo Waingereza waliutoa katika pachisi ya India na kuanza kuuuza mwishoni mwa karne ya 19, na kwamba ule wa nyoka na ngazi nao asili yake ni India, ambako ulifundisha watoto wema na uovu. Kwa hiyo hatukuona aibu kutengeneza wetu. Kila taifa limefanya hivyo.

Tulichora njia ya vyumba hamsini juu ya kipande cha boksi gumu. Ilianzia Newala, ikashuka genge la uwanda, ikapita misitu na mashamba ya mikorosho hadi Mto Ruvuma. Badala ya dadu tulitumia vijiti vinne vya mwanzi vilivyopasuliwa katikati. Unavirusha na kuhesabu vilivyolala chali. Ukiangukia tembo, amekula shamba lako, unarudi vyumba sita. Ukimpata yule ndege anayewaongoza watu kwenye asali, unasogea vitano. Lakini sheria kubwa ilikuwa ile ya bibi: ukifika kwenye chumba cha mnyama yeyote, utaje neno lake. Ukishindwa, unakaa zamu moja. Walioshinda mara nyingi hawakuwa wale walioongoza kwa mitihani. Walikuwa watoto waliolelewa na bibi zao. Nilimwona kijana aliyekuwa nyuma katika kusoma akizungukwa na wenzake wakimwomba maneno, na tangu hapo akaanza kuyaandika ili ayauze kwa kalamu. Hivyo ndivyo alivyojifunza kuandika.

Hapa sina budi kumtaja mwana wa jirani zetu wa Tunduru, Edward Saidi Tingatinga, aliyezaliwa mwaka 1932. Mnamo 1968 alianza kuchora wanyama huko Dar es Salaam kwa rangi za kawaida za mafuta juu ya vipande vya mraba vya masonite, akawauzia wageni. Aliuawa kwa bahati mbaya na risasi ya polisi mwaka 1972, lakini ndugu na wanafunzi wake, wengi wao kutoka kusini, waliendelea, na leo mtindo huo unaitwa kwa jina lake duniani kote. Watu humsifu kana kwamba alitokea hewani. Sidhani. Alitoka katika nchi ambamo mtoto humfinyanga mnyama kabla hajajua kuandika jina lake.

Baada ya biashara kulegezwa katika miaka ya 1980, bidhaa zilirudi madukani, na hilo lilikuwa jema. Mikono ilipumzika. Mitihani nayo ilizidi kuwa mfalme. Kisichoulizwa katika mtihani wa darasa la saba kilianza kuonekana kupoteza muda. Nilipostaafu, madarasa mengi niliyotembelea yalikuwa na picha za kuchapishwa ukutani, nzuri na safi, na ndani yake dubu wa theluji ambaye hakuna mtoto wa Masasi atakayekutana naye.

Wakati huohuo wanyama wenyewe wamepungua. Katika Selous, iliyounganishwa na misitu yetu ya mpaka wa Ruvuma kwa njia za tembo, katikati ya miaka ya 1970 walihesabiwa tembo zaidi ya laki moja. Mwaka 2013 walibaki takriban 13,000, kwa sababu ya ujangili. Mtoto wa leo wa hapa Mkomaindo anaweza kumaliza shule bila kuona unyayo mmoja. Akimfinyanga tembo, atamfinyanga kutoka kwenye televisheni, na bibi wa kumpa neno huenda hayupo.

Ndiyo maana jambo hili si dogo kama linavyoonekana. Mnyama wa plastiki huja akiwa kamili. Mtoto hana la kumwongezea wala la kumuuliza mtu. Mnyama wa udongo humlazimisha mtoto kutazama, kisha humpeleka kwa mzee kuuliza. Kazi hiyo ya pili ndiyo iliyo kubwa. Tulipoiruhusu ife, tuliokoa muda wa vipindi, lakini tulifunga njia iliyokuwa ikitoka darasani hadi jikoni kwa bibi.

Mtaala mpya wa elimu ya msingi ulioanza kutumika mwaka 2024 umeipa nafasi sanaa na michezo. Nimefurahi. Lakini mtaala haufinyangi. Walimu na wazazi ndio wafinyanzi. Wahenga walisema udongo uwahi ungali maji, na wazee wanaoyajua maneno ya wanyama hawatatungoja. Kwa hiyo ninawashauri vijana wenzangu wa kazi: mkiandaa sherehe ya watoto, nunueni maputo mkipenda, ila acheni kamba moja itundikwe na watoto wenyewe. Kichuguu hakiuzwi, mabua yamejaa mashambani baada ya mavuno, na uji wa muhogo hunata vizuri kuliko gundi nyingi. Kisha kabla mtoto hajamtundika mnyama wake, mwulizeni swali alilotuuliza yule nyakanga. Akikosa jibu, mtumeni kwa babu au bibi yake, naye arudi nalo kesho.